Msonge wa Ma Anatolia

Juzi kijana mmoja wa jirani alipita na pikipiki yake, mke nyuma, mtoto katikati, wote wamependeza. Akazima injini hapa mlangoni, akasema, "Shikamoo babu. Hivi mtu akitaka kuitoa familia yake Jumapili, huku kwetu aende wapi? Huku hakuna kitu, bwana. Labda mpaka Bukoba ukaone ziwa."

Nilimwitikia marahaba, kisha nikaanza kutafuta fimbo yangu nimchape. Hakuna kitu! Amezaliwa hapahapa jirani na Nyakahanga, kila siku anapita mbele ya nyumba zilizojengwa kabla babu yake hajabatizwa, na anasema hakuna kitu. Mke wangu Leokadia akanizuia. Akasema, "Mwache mtoto wa watu. Kama una maneno, yaandike. Ukimpiga atajua una hasira tu."

Basi haya ndiyo maneno yangu. Nawaandikia ninyi wenye magoti mazima.

Mimi ni Projestus, fundi wa nyumba. Nilianza kazi hiyo kabla ya kuota ndevu na nikaiacha ndevu zikiwa nyeupe. Niliezeka nyasi, nikafyatua tofali, nikapiga lipu, nikapaua bati, na mara nyingine nikalipwa kuezua paa nililoezeka mwenyewe. Magoti yalipokataa ngazi nikastaafu. Nikakaa nyumbani kama gunia la maharage, hadi Leokadia akachoka kunizunguka na ufagio. Ndipo nilipoanza kuichukua familia yangu kwenda kuangalia nyumba za zamani za hapa karibu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Niliwatangazia wajukuu, "Jumapili tunatoka!" Wakavaa nguo za Krismasi. Mkwe wangu akajipaka mafuta. Wote walidhani tunakwenda kula chipsi na soda. Mimi nikawapeleka kwenye senta ya zamani, mbele ya duka ambalo halijafunguliwa miaka mingi, nikasimama na kusema, "Haya, tazameni." Mjukuu wangu Deodata akatazama ukuta, akanitazama mimi, akauliza, "Babu, ndiyo hii?"

Leokadia akacheka mpaka akakaa chini. "Mnashangaa nini? Wakati ananichumbia alinipeleka kuangalia msingi! Hata nyumba yenyewe haikuwepo, msingi mtupu!"

Ni kweli, lakini ulikuwa msingi mzuri sana.

Lile duka nalo lilitupa raha tulipolizoea. Niliwaonyesha watoto baraza lake lilivyo pana. Nikawauliza, kwa nini? Wakakisia hivi na vile. Nikawaambia, mvua ya huku mnaijua. Mtu alikuja kuuza kahawa, gunia kichwani, mvua ikamkuta, pakahitajika mahali pa kumweka yeye, gunia lake na wenzake wote walioingia kwenye mstari. Mwenye duka hakuwa mwema, alikuwa na akili: mtu akijikinga mvua kwako, lazima atanunua chumvi. Halafu nikawaonyesha nguzo za mbao. Kila nguzo imeng'aa upande mmoja, usawa wa mgongo wa mtu mzima. Ni watu wale, waliegemea wakisubiri zamu. Deodata akaegemea na yeye, mgongo wake haukufika palipong'aa, akasema atarudi akikua.

Mkienda na watoto, msianze kuwapa historia. Watalala. Zungukeni nyumba kwanza. Mwalimu wangu, marehemu Kashaija, alikuwa akisema, "Mgonjwa muulize amekula nini, nyumba iulize maji yanapita wapi." Tazameni upande unaopigwa na mvua na upande unaopigwa na jua, muone ulivyozeeka kila mmoja. Shikeni ukuta kwa kiganja. Ingieni ndani mkae kimya kidogo, msikie baridi yake. Na kama kuna mwenyewe, msalimieni kwanza, maana wengine mnaiona nyumba mnasahau kuna watu.

Kashaija alikuwa mtu wa Bugomora, mfupi, mkali kama pilipili, na hakujua kusifia. Ukimwezekea vizuri alinyamaza. Ukikosea, hakukutukana. Alingoja mvua. Mawingu yakifunga anakushika mkono, anakuingiza ndani ya nyumba uliyoiezeka, anakukalisha palepale chini ya kazi yako. "Kaa hapo. Nyumba itakwambia." Mwenzangu Respicius alikalishwa hivyo, mvua ikashuka, na tulipochungulia tulimkuta amejifunika jani la mgomba ndani ya nyumba, maji yanamtiririka puani. Kashaija akamuuliza kwa upole, "Waitu, ndugu yangu Respicius, huko ndani mvua imeanza?" Tangu siku hiyo Respicius alikuwa akibana nyasi hadi sindano isipite.

Msinielewe vibaya, si kila cha zamani tulikijua. Kuna kanisa moja, sitalitaja, lilijengwa kwa tofali za kuchoma na udongo badala ya saruji. Lilikuwa limesimama vizuri tu. Wazee wakasema tuling'arishe, tulipige lipu ya saruji nje na ndani. Sote tulifurahi, mafundi na waumini. Liling'aa kweli! Lakini ule udongo wa ndani ukinyonya maji chini hauna pa kuyatolea tena. Masika zikapita, na siku ya harusi moja, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, lipu ikaachia nyuma yao, bamba zima likashuka, puu! Kwaya haikunyamaza. Iliongeza sauti. Bwana harusi ndiye aliyekimbia, wakamrudisha. Siku hizi mafundi vijana wanajua, ukuta wa udongo wanausiriba kwa udongo na chokaa, na kazi yao ni nzuri kuliko yetu. Nawaambia ukweli, nimeiona na nimeionea wivu.

Sasa nije kwenye Jumapili ninayotaka kuwasimulia.

Leokadia alirudi na habari kutoka kwa kina mama wenzake wa kanisani. Novatus, mtoto wa marehemu Bitegeko wa Nyabiyonza, anabomoa msonge wa baba yake. Mabati ya msauzi, yale ya rangi, yamekwisha kuletwa. Fundi anaanza Jumatatu.

Ninyi wengi msonge mmeuona kwenye picha. Ni ile nyumba yetu ya mviringo, ya nyasi tupu kutoka kileleni hadi chini, haina ukuta wala paa, vyote ni kitu kimoja. Ndani imesimama juu ya nguzo, na fito zimezungushwa duara juu ya duara, zimefungwa kwa kamba za mgomba, hakuna msumari hata mmoja. Zimebaki chache sana zinazokaliwa na watu. Bitegeko alikuwa na nyumba ya tofali, watoto walikuwa wamemjengea, lakini alikataa kuishi humo. Alisema nyumba ya pembe nne inamfanya ahisi yuko ofisini. Msonge wake ndio wa mwisho niliouezeka pamoja na Kashaija, na ndiyo kazi pekee ambayo Kashaija aliizunguka mara mbili akanyamaza.

Nikasema, basi twende tukauage. Nikaita watoto. Safari hii hakuna aliyevaa nguo za Krismasi, wamekwisha kunijua. Tukabeba chai kwenye chupa, karanga za kuchemsha na ndizi mbichi za kuchoma hukohuko. Tukapanda bodaboda mpaka njia panda, kisha tukatembea kwenye vijia vya migomba, watoto wanakimbizana, mkwe wangu anaimba, na mimi ndani ya moyo nimebeba msiba.

Tuliuona kwa mbali, umekaa kama kuku anayeatamia, lakini ubavu mmoja umelegea. Nyasi zimekuwa nyeusi, zimeota majani. Ma Anatolia, mjane wa Bitegeko, alikuwa nje kwenye mkeka anachambua maharage. Watoto wakapiga magoti wakamsalimia. Akatuletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama alivyokuwa akifanya enzi za mumewe, tukachukua moja moja.

"Mmekuja kuzika?" akaniuliza.

"Tumekuja kutembea, Ma."

"Ta Projestus, wewe hujui kudanganya. Mmekuja kuzika. Ni vizuri, mazishi yanataka watu."

Nikamuuliza kwa nini hakumkatalia Novatus. Akaendelea na maharage yake. "Ningemkatalia vipi? Angekuwa mtoto mbaya ningegombana naye. Ningemlaani hata. Lakini Novatus ananipenda. Anaogopa paa litaniangukia. Mtu anayekupenda utamfanyaje?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kule kwenye tofali nalala vizuri, siumwi na chochote. Ila mimi ni mgeni kule. Mchana nikiingia humu nikakaa kidogo, ndipo nakuwa nimerudi kwangu. Kesho sitakuwa na pa kurudi."

Leokadia akakaa naye kwenye mkeka, akaanza kuchambua maharage pia.  Nikawachukua watoto tukaingia ndani.

Macho yakishazoea giza, msonge ni kitu cha kukutoa machozi. Duara zile zinapanda, zinapungua, mpaka juu kabisa zinakuwa kama sahani. Niliwaonyesha watoto mahali Bitegeko alipokuwa akikaa na wageni, mahali ndama walipolala zamani, vyumba vilivyotengwa kwa matete yaliyosukwa. Wakanyamaza. Hata mdogo, ambaye hanyamazi usingizini, alinyamaza.

Deodata akasema, "Babu, mbona una unga kichwani?"

Nikajipapasa upara. Unga kweli, mwembamba, wa rangi ya kahawa. Nikatazama juu. Kila fito ilikuwa na vitundu. Nikachomoa kisu changu, nikachoma ufito mmoja, kisu kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva. Wadudu. Nyumba ilikuwa inaliwa tukiwa ndani yake.

Niliumia, siwafichi. Kashaija aliwahi kunionyesha misonge iliyosimama kabla yeye hajaoa, fito zake nyeusi ngumu kama chuma. Huu wetu ulikuwa bado kijana. Nikaanza kutafuta wa kumlaumu. Nikasema labda miti ilikatwa mwezi mbaya. Labda Respicius alileta fito mbichi. Maskini Respicius, alikuwa hayupo hata kujitetea, nikamlaumu vizuri sana.

Nje pikipiki ikanguruma. Novatus amefika na fundi wake, kijana mchangamfu mwenye futikamba kiunoni. Novatus anafanya biashara ya maharage na mahindi, ni mtu mzima sasa, lakini mbele yangu alivua kofia. "Shikamoo, Ta. Nimefurahi mmekuja. Mama atapata wa kumliwaza." Akainama, akaingia, akasimama kando yangu. "Tazama mwenyewe. Wewe ni fundi, huwezi kuniambia sioni. Paa linaoza. Siku likimwangukia mama humu ndani, nitamwambia nini Mungu?"

 Nikatazama kile kisu, nikatazama unga mkononi mwangu. "Huna kosa, mwanangu," nikamwambia. "Hata mimi ningebomoa."

Tulitoka. Ma Anatolia alinitazama usoni mara moja tu, akajua. Akainamia maharage yake. Nimebomoa nyumba nyingi maishani, lakini sijawahi kujisikia vile.

Leokadia ndiye aliyesimama. Yeye msiba haumzuii kuwalisha watoto. Akachukua zile ndizi, akasema, "Sasa watoto wana njaa, naenda kuzichoma kwenye moto wa humo ndani." Akaingia. Punde tukasikia kelele, "Jamani! Kuku ametaga jikoni!"

Watoto wakakimbilia ndani, na sisi nyuma yao. Kweli, katikati ya mafiga matatu, juu ya majivu yaliyokauka, kuku alikuwa ametengeneza kiota kizuri na mayai yake. Alitutazama kama wapangaji wasiolipa. Watoto wakacheka. Lakini Leokadia hakucheka. Aliweka kiganja juu ya majivu.

"Ma Anatolia, humu mlipika lini mara ya mwisho?"

"Ah, zamani. Waliponipima macho waliniambia nikae mbali na moshi. Ndipo Novatus akanijengea jiko kule nje, akaniletea na mtungi wa gesi. Macho yamepona kabisa, waitu, naona hata sindano."

"Na mahindi yako ya mbegu unayaning'iniza wapi?"

"Sasa? Sina pa kuyaning'iniza. Nanunua mbegu dukani. Zamani nilikuwa nayaweka hapo juu ya moto, kama kila mtu."

"Kwa nini juu ya moto?"

Ma Anatolia alimshangaa, kama aliyeulizwa kwa nini maji yanachotwa kwa ndoo. "Leokadia, umezeeka? Yasiliwe na dumuzi na wadudu wengine."

 Leokadia akageuka, akanitazama mimi. Nikatazama juu. Novatus naye akatazama juu. Hata yule fundi mwenye futikamba akatazama juu.

Sikilizeni, vijana wangu. Kashaija alinifundisha nyasi za kukata na za kuacha. Alinifundisha kamba, mwinamo, mwezi wa kukata miti, mpaka namna ya kupanda kileleni bila kumtukana aliye chini. Habari ya moto hakunifundisha hata siku moja. Angenifundisha vipi? Hapakuwa na nyumba isiyo na moto. Hata mwenye njaa aliwasha. Moshi ulipanda mchana na jioni, ukapita katikati ya nyasi, ukazikausha, ukawafukuza wadudu, ukazipaka fito ule weusi mgumu nilioonyeshwa ujanani. Fundi alijenga, na mama wa nyumba akawa anaendelea kuijenga kila siku kwa kupika ugali wake, na hakuna kati yao aliyejua. Halafu akaja mtoto mwema, akamwondolea mama yake moshi. Ndivyo nyumba ilivyokufa, kwa mapenzi matupu.

Novatus alikaa chini kwenye udongo na shati lake la Jumapili. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Wewe umeponya macho ya mama yako," Leokadia akamjibu. "Usianze kulia hapa, nina watoto wenye njaa. Leta kuni."

Mimi nilikuwa tayari nagonga nguzo. Hiyo nayo niwaambie, mkienda kuona nyumba za zamani gongeni nguzo kwa kifundo cha kidole, msikilize. Mti uliooza unajibu kama gunia. Mti mzima unajibu kama mlango. Niligonga nguzo ya kwanza, ikajibu kama mlango. Ya pili, vilevile. Nikazunguka zote. Zile nguzo kubwa zilikuwa nzima, wadudu walikuwa wamezishindwa. Zilizoliwa ni fito, nazo nyingi za upande ule uliolegea. Fito hubadilishwa. Nyasi hubadilishwa. Nikamwambia Novatus ukweli, kwamba siwezi kumwahidi, ila kama ningekuwa na magoti ya zamani ningepanda sasa hivi.

"Na macho ya mama?" akauliza. Swali zuri, hilo.

"Mama atakaa nje moto ukiwaka," Ma Anatolia akajibu mwenyewe kutoka mlangoni. "Ukizimika nitaingia. Mimi si mtoto."

Tukamhamisha kuku na mayai yake, alitudonoa sote. Novatus akapanga kuni, akapiga magoti kuwasha. Mfanyabiashara mzima, lori zima la maharage analipakia, lakini moto hajui. Akapuliza kutoka juu, majivu yote yakamrudia usoni. "Puliza chini!" mama yake akamwambia toka nje. "Chini, chini! Baba yako naye alikuwa hivyohivyo!" Akapuliza chini. Moto ukashika.

Moshi ukapanda. Kwa muda hakukutokea kitu. Kisha mdudu mmoja akadondoka kwenye bega la mkwe wangu. Kisha wawili. Kisha, jamani, mvua! Wadudu, buibui, mijusi, kila mpangaji aliyekuwa akila bure kule juu akashuka. Watoto walipiga mayowe ya kufa, wakatoka mbio, mkwe wangu mbele yao. Mimi nilitoka kwa heshima, lakini haraka. Yule fundi wa mabati alikuwa anacheka ameshika tumbo. "Mzee, mnaniharibia kazi ya kesho," akasema, "lakini hii siwezi kukosa." Akarudi ndani kumsaidia Novatus kuchochea.

Tukakaa nje kwenye majani, tukala karanga, ndizi zinaiva ndani. Na msonge ukaanza kutoa moshi. Hauna bomba wala dirisha, kwa hiyo moshi hautoki mahali pamoja. Unavuja kwenye paa lote, taratibu, kwenye kila unyasi, mpaka nyumba nzima inafuka kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Deodata akasema, "Babu, inapumua." Mkwe wangu akapiga picha nyingi mno. Ma Anatolia alikuwa ameacha maharage, amekaa mikono magotini, anatazama tu.

Ndipo tukamwona mzee anashuka kilima cha ng'ambo, anakuja mbio za kizee, fimbo inamtangulia. Alikuwa Ta Katunzi, rafiki wa Bitegeko, aliyekuwa akija kuota moto na kunywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila jioni walipokuwa wazima wote wawili. Alifika akihema, kofia mkononi. Hakutusalimia. Alisimama mbele ya mlango mdogo wa msonge, Novatus akatoka kwa kuinama, uso mweusi kwa masizi, wakatazamana.

"Nimeona moshi," Ta Katunzi akasema. "Nikainuka kuja. Nimefika mtoni ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika."

 Novatus alifuta uso kwa mkono wa shati. Akarudi ndani, akatoka na kigoda cha baba yake, akakiweka chini, akakipangusa. "Karibu, Ta. Ndizi zinaiva." Kisha akamgeukia yule fundi, akamwambia yale mabati wakaezekee zizi la ng'ombe.

Ma Anatolia alifunika uso kwa khanga. Leokadia akamwekea mkono begani, akaacha ukae hapo.

Kazi tuliifanya kiangazi kilichofuata. Vijana walipanda, mimi nilikaa chini kwenye kiti nikiwagombeza. Respicius alikuja kutoka kwake, nikamwomba radhi kwa yale niliyomsingizia, hakuelewa hata nazungumzia nini. Yule fundi wa mabati sasa anajua kuezeka nyasi na anatafutwa. Na jirani yangu mwenye pikipiki nimekwisha kumwelekeza njia.

Nanyi nawaelekeza. Nendeni Nyabiyonza Jumapili, chukueni watoto, bebeni ndizi zenu. Mkifika mkaona moshi, pigeni hodi, mtapewa kahawa za kutafuna. Mkiona hakuna moshi, msirudi. Msalimieni Ma Anatolia, mumwombe akae nje, kisha muuwashe moto wenyewe. Kuni ziko nyuma ya nyumba, Novatus huziacha hapo kwa ajili ya yeyote atakayekuja.